Kamba ya Kengele ya Tano

Jumanne, 5 Machi 1996

Nimeamka saa kumi na mbili. Nimejipima: kilo sitini na nane. Jana sitini na saba. Maji yanarudi miguuni. Vidonge vinne na nusu. Binti yangu Agnes ameniachia uji kwenye chupa ya chai kabla ya kwenda kazini. Ndege zinashuka juu ya ghorofa letu moja baada ya moja, na vikombe kabatini vinatetemeka. Theluji kwenye maegesho imekuwa nyeusi kama masizi.

Mjukuu wangu Neema amepita akielekea chuoni. Amepata tikiti. Tarehe 28 anakwenda Uingereza kwa shangazi yake, wiki mbili. Alisimama mbele ya picha ya wapiga kengele iliyo juu ya kochi, akasema atafika Hethercombe kuliona kanisa la babu. Anataka kupigwa picha pale pale niliposimama mimi.

Nikamwambia ni mbali. Kijiji hakina kitu.

"Mume wangu, unanificha nini huko? Una mke mwingine?"

Maneno yote Kiingereza, isipokuwa hilo "mume wangu". Nilicheka. Tangu hapo uji haushuki.

Jumapili, 10 Machi

Ibada ya Kiswahili saa nane mchana, ukumbi wa chini, kanisa la kuazima. Wengi ni wa Bukavu na Bujumbura. Sisi wa Tanga tunahesabika kwa vidole. Mchungaji aliniomba niwasimulie tena habari za kengele, kuna wageni hawajazisikia.

Nikasimulia. Mwalimu wa Muheza ndani ya mnara wenye miaka mia saba. Kengele sita. Mweusi wa kwanza kushika kamba mle. Najua watacheka wapi: pale kamba iliponinyanyua hadi nikasimama kwa ncha za vidole. Wakacheka.

"Mwalimu, ninyi, Wazungu waliwafundisha kupiga kengele," Papa Étienne alipaza sauti kutoka nyuma. "Sisi walitufundisha kuzibeba!"

Makofi. Nilikaa. Miaka thelathini na minane nasimulia hadithi ile, na kila mara naikata kabla ya Jumanne.

Jumatano, 13 Machi

Hospitali. Moyo umechoka, basi. Agnes aliuliza kama nitaiona Krismasi. Daktari akatazama viatu vyake.

Kwa hiyo nitaandika. Daftari hili halina msomaji ila mimi, na hata humu nimekuwa mwongo kwa kunyamaza.

Hethercombe, 1958. Nyumba thelathini na kitu, duka lililokuwa pia posta, baa moja, kanisa. Kuta za mawe. Kizingiti kimelika katikati kama sabuni kwa nyayo za watu. Ndani, ubao wenye majina ya makasisi wote tangu wa kwanza, na wa kwanza hana hata jina la ukoo. Harufu ya unyevu na nta. Nje, kondoo wa jirani wakila majani kati ya makaburi, na hakuna aliyewafukuza. Mwanzoni lilinichukiza hilo. Baadaye nililipenda.

Nilikuwa chuo cha ualimu mji wa jirani. Likizo nilikaribishwa na Walter, seremala, na mkewe Dorothy. Hawakuwa na mtoto. Walinipa chumba cha juu na mablanketi matatu. Bi Dorothy alinifumia soksi, na nilipougua kifua alinipikia supu wiki nzima. Walter alikuwa kiongozi wa wapiga kengele. Alisema anayelala nyumba yake hushika kamba. Akanifundisha kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo kwa mwanafunzi yeyote.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda ibadani. Nimesema miguu. Si miguu.

Kengele za kule hazigongwi. Kila moja imefungwa kwenye gurudumu, nawe unaivuta, unaivuta, hadi isimame kichwa chini, mdomo ukitazama mbingu. Hapo hutulia. Mtu akiivuta ikiwa hivyo, kengele huanguka mzunguko mzima, na kamba huruka juu kwa uzito wote wa shaba. Ndiyo maana kazi ikiisha kila kengele hushushwa polepole, mdomo chini. Ikishashuka, hata mtoto huivuta bila hatari. Kuipandisha niliweza. Kuishusha kulinishinda.

Jumanne ile tulimaliza mazoezi mapema, jua bado lipo. Wenzangu walishusha zao. Mimi ya tano ilinishinda mara mbili, ikaruka-ruka kama mbuzi. Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo si mwanafunzi, haiogopi fimbo!" Wakaondoka kwenda baa. Kasisi akamwita Walter nje. Walter akaniambia ningoje, tutaishusha pamoja.

Sikungoja. Sikuishusha pia. Aliporudi nilimwambia nimeishusha. Kengele ikishushwa hulia, lakini masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka mingi ya kazi ile. Asingeweza kujua kama ililia au haikulia. Akanipiga begani. Alifurahi. Nikapanda basi la kurudi chuoni.

Asubuhi yake Bi Dorothy alikwenda kanisani kupiga kengele ya sala. Kila Jumatano alipiga ya tano, kwa kuwa sauti yake nzito ilifika mbali. Akavuta.

Leo siwezi zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Kamba ilimpandisha. Hakuwahi kuiachia. Akaanguka kwenye sakafu ya mawe. Nyonga na paja. Miezi mitatu hospitali. Hakutembea tena bila fimbo.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala, mdogo sana kitandani. Walter alikaa upande wa pili. Alisema kosa ni lake, kiongozi hukagua kila kamba kabla ya kufunga mlango. Alilisema mbele yangu, akinitazama. Nilishika kofia yangu kwa mikono miwili.

Nilipokuwa narudi nyumbani Tanga, Walter alinipa picha ya wapiga kengele, akaitoa ukutani kwake. Alisema yeye hataihitaji tena. Ndiyo hii juu ya kochi.

Nikawa mwalimu mkuu. Nimewachapa watoto wangapi kwa kusema uongo? Sijui. Wazazi walitaka kuinunulia shule kengele ya kweli. Nikakataa. Tuliendelea kugonga ringi ya lori iliyotundikwa kwa waya. Walidhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 24 Machi

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja, Kiingereza safi, kwa Walter na Dorothy au yeyote aliyebaki. Nimesema nilisahau kuishusha kengele, na ninaomba radhi. Nimeifunga, nimempa Neema. Aliuliza ni nini. Nikasema salamu.

Nimekula vizuri leo. Agnes amefurahi.

Jumanne, 26 Machi

Kilo sabini. Sikulala.

"Nilisahau." Niko ukingoni mwa kaburi na bado natafuta neno jepesi. Sikusahau. Na hata humu daftarini nimeruka jambo.

Kengele ikiwa juu, gurudumu huwa limeimeza kamba. Kinachobaki chini ni kifupi. Ikiwa imeshuka, kamba ni ndefu, hulala mkekani. Mpiga kengele yeyote akitazama tu anajua. Walter alikagua hivyo, kwa macho, kila jioni, ndipo tukunje kamba na kuzitundika. Jumanne ile, aliponiacha peke yangu, niliikunja yangu kabla hajarudi. Mizunguko michache mipana, nikaitandaza juu ya ndoano ionekane ndefu kama za wenzangu. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama. Nikaenda kuirekebisha.

Hilo la kuirekebisha ndilo linaloninyima usingizi. Uongo ulitoka mdomoni kwa aibu, mara moja. Kamba niliifanya kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu. Ili wasinicheke.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwomba Neema anirudishie barua. Alikuwa ameshafunga sanduku. Akafungua akinung'unika. Nikaichana.

Mkono umekataa kuandika. Mistari mitatu kama njia za mchwa. Ikabidi nitamke, yeye aandike. Alianza akitabasamu, mguu mmoja juu ya kochi. Mguu ukashuka. Tulipofika kwenye kamba aliweka kalamu chini.

Ndege ikapita. Akangoja iishe.

"Babu. Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ile hadithi ya kanisani? Watu wanacheka?"

Agnes alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alirudi ndani, akafungua bomba maji yakatoka kwa nguvu, na sikusikia akiosha chochote.

Neema akaokota kalamu. "Endelea."

Nikaendelea hadi mwisho. Nikatia sahihi. Sahihi ndiyo pekee iliyo yangu.

Alhamisi, 28 Machi

Ameondoka. Alinijia kitandani, akainama kidogo.

"Shikamoo, Babu."

Miaka ishirini hajawahi kunipa shikamoo bila utani nyuma yake. "Marahaba," nikasema.

Jumatano, 3 Aprili

Simu, asubuhi. Neema yuko Hethercombe, anapiga kutoka kibandani karibu na kanisa. Walter alikufa miaka tisa iliyopita. Dorothy yuko hai. Nyumba ile ile. Ana miaka themanini na minne. Amemwalika chai kesho.

Nilitaka kusema usiende. Neno lilifika kwenye meno. Nikauliza kama kuna baridi.

"Kuna kondoo," akasema, na sarafu zikaisha.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Hakuna simu. Kule, Juma Kuu kengele hazilii. Kamba zote zinafungwa. Walter alinieleza hilo kwa ishara, kidole mdomoni, kama tunamficha mtoto aliyelala.

Alikufa akiamini nini? Sijawahi kujiuliza. Nilichojiuliza kila mara ni kama alinishuku. Nilijiwaza mimi tu.

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili

Kilo sabini na moja. Sikuweza kuvaa viatu. Agnes alibaki nami nyumbani. Ameniosha miguu kwenye beseni. Hakutaja barua. Alipokausha vidole alisema, bila kuinua kichwa, "Ulinichapa mara moja tu, Baba. Unakumbuka kwa nini?"

Nakumbuka. Alisema hakuvunja kikombe.

Jumamosi, 13 Aprili

Neema amerudi. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, na koti mwilini.

Dorothy aliisoma barua mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Mara mbili. Kisha akachukua fimbo, akamwambia Neema ampeleke kaburini, nyuma ya mnara. Mvua ilikuwa imenyesha. Walikwenda polepole sana. Pale akamwambia Neema asome kwa sauti, maana Walter alikuwa kiziwi. Neema akasoma. Alipofika kwenye kamba, bibi akasema, "Soma tena hapo." Akasoma tena.

Kisha akamweleza. Walter hakugusa kamba tena. Miaka ishirini na tisa. Alimwambia mkewe hivi: mwalimu alisema ameishusha, na yule si mtu wa uongo, basi lazima ni mimi niliyeipandisha tena nikasahau. Aliamini akili yake inaharibika. Akaanza kuandika kila kitu kwenye vipande vya karatasi: nimefunga mlango, nimezima jiko. Jumapili kengele zikilia alikwenda mbali mashambani hadi zinyamaze.

Kwa hiyo hakunishuku. Heri angenishuku.

"Amenisamehe?"

"Hakusema."

"Alisema nini?"

Neema alitazama juu ya kichwa changu, ukutani. "Alisema anataka picha yake. Hana hata moja ya Walter akiwa ameshika kamba."

Jumanne, 16 Aprili

Mvua nyepesi. Theluji imekwisha kabisa.

Neema amepanda kochi akaitoa picha. Aliniuliza kama tupige nakala kwanza, pale dukani chini. Nikakataa. Nimeishika mapajani kwa muda. Watu saba, kasisi akiwemo. Walter ameshika kamba kwa mkono mmoja, wa pili uko begani mwangu. Wote wanatazama kamera. Ni yeye tu anayenitazama mimi.

Agnes ameifunga kwa kitenge, kisha karatasi, kisha kamba. Ameandika anwani kwa mwandiko wake mzuri. Ameipeleka posta mwenyewe.

Nimemwambia Mchungaji kwa simu kwamba nikiweza kufika Jumapili nitasimulia habari za kengele. Akasema watafurahi. Nikamwambia safari hii hadithi ni ndefu kidogo.

Ukutani pamebaki mraba mweupe na msumari. Neema ameuliza tutundike nini. Nimesema paache.

Kilo sabini na mbili. Neema ameleta uji, amekaa ukingoni mwa kitanda, amepuliza kijiko.

"Haya, mume wangu. Kunywa."

Nimekunywa.