Baba, Shimo la Matofali Bado Liko Wazi

Baba yangu mpendwa,

Huko uliko Mola akupumzishe. Mimi huku sijapumzika. Mvua zimekaribia, na shimo ulilochimba ili tupate matofali bado liko wazi nyuma ya nyumba, nyasi zimeota hadi kingoni, na hakuna anayetaka kusikia neno langu.

Unakumbuka tulivyolichimba? Wewe ulikata udongo, mama akamwaga maji, mimi nikakanyaga tope hadi magotini, likizo ya kidato cha pili. Nilikuuliza, "Baba, hili tutalifukia lini?" Ukacheka. "Tulifukie na nini, binti yangu? Udongo wake si ndio huu tunausimamisha ukutani?" Kisha ukasema mbuzi watapata pa kunywea, maji ya bure mlangoni. Kweli walikunywa. Hapa Naipingo kila mwenye nyumba ya tofali ana shimo lake, na kila mwenye shimo huliona ni akiba.

Chuoni, nilikosomea mifugo, ndiko nilikojua akiba yetu ni ya nini. Kuna mbu wanaotaga kwenye udongo wenye unyevu, na udongo ukikauka mayai hayafi. Yanasubiri humo, mwaka huu, mwakani, na mwaka mwingine. Mvua ikizidi na shimo likifurika, yanaanguliwa kwa pamoja, na baadhi ya mbu huruka wakiwa tayari wamebeba virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Wanauma mbuzi. Wenye mimba wanazitupa. Damu yao na majimaji ya uzazi humwambukiza mtu anayewashika. Nilikupigia simu nikakueleza yote hayo. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Haya, mwalimu. Umekula?"

Ndipo ukaja ule mwaka wa mvua kubwa. Mbuzi uliowanunua kwa wafugaji wa Mbwemkuru wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Mama akasema kuna mtu ametutupia jicho. Baba mdogo akasema ni majani mapya. Wewe ulikuwa unakimbia na kisu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yako kijijini: mnyama wa mtu akianguka unaitwa wewe, kwa sababu hakuna aliyekushinda kumwahi kwa kisu kabla hajafa kibudu. Mikono mitupu, damu hadi kwenye viwiko. Nilikuambia mnyama mgonjwa asichinjwe, afukiwe. "Nimfukie mbuzi mzima, na watu wana njaa?" Ulinijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniudhi hadi leo.

Homa ikakushika. Ulipimwa malaria haikuonekana, ukanywa dawa za malaria hivyo hivyo. Macho yakaingia ukungu, kisha damu ikatoka puani. Hakuna aliyeipima damu yako kwa ugonjwa ninaoudhania, kwa hiyo siwezi kuapa. Najua tu mikono yako ilikuwa wapi.

Sasa sikiliza. Baba mdogo ameleta mbuzi wapya, na kisu chako amekirithi yeye. Juzi nilichukua jembe nikaanza kufukia. Akaja mbio.

"We daktari wa mbuzi, nani kakutuma?"

"Mvua, baba mdogo."

"Mvua ya Mungu hiyo. Na kaka kaondoka kwa amri ya Mungu."

"Mvua ya Mungu, sawa. Shimo tulichimba sisi."

"Shemeji, msikie mwanao! Shule imemharibu huyu!"

Mama hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Unataka kumzika baba yako mara ya pili?"

Nikaliacha jembe pale pale. Kumbe ndiyo maana kila alasiri huchambua mboga zake kando ya lile shimo. Anaangalia alama za jembe lako. Hata mimi naziona, baba, najua mkono wako ulikata wapi. Na bado nakukasirikia. Ulituachia nyumba na hatari kwa jembe moja, na nikisema hivyo naonekana sina adabu.

Leo asubuhi nimeanza tena. Baba mdogo amepita akasonya. Mama amenitazama kutoka mlangoni, akarudi ndani, nikadhani amekwenda kulia. Akatoka na karai la vipande vya matofali, yale yaliyopasuka tanurini ukakataa yasitupwe. Akayamwaga shimoni.

"Anza na haya," akasema. "Yake yarudi kwake."

Sijui kama amenielewa au amenionea huruma. Sikuuliza. Tumefanya kazi pamoja, huku upande wa Ruangwa kunanguruma.

Kimebaki kisu. Nikimaliza hapa namfuata baba mdogo nimwambie asichinje mnyama mgonjwa, na unamjua alivyo: atafoka, atanisikiliza hadi mwisho, kisha atafanya lake. Hapo ni wewe kabisa.

Lala salama, baba. Na ndiyo, nimekula.

Binti yako