Shimo la Mwanasha Halikufukiwa

Shoga yangu Mwanasha,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ukingoni mwa shimo letu la taka hapa Tiwi, pua imeshazoea. Halikufukiwa! Nimeanzia mwisho makusudi, maana subira hukuwa nayo.

Ulipozikwa tu, Bi Mishi jirani yako alikwenda kwa mzee wa kijiji. Alidai kuku wa kikundi chetu ni haramu kwa kuwa tunawalisha funza wa shimoni, na kwamba shimo linaaibisha mtaa. Mzee akatwambia kama hadi arobaini yako majirani bado wanawakataa kuku wale, tulifukie. Nililia, shoga. Wewe ndiye uliyewaona wale nzi weusi wembamba wanaozaa funza hao, wasioingia nyumbani wala kutua kwenye chakula, ukasema, "Hawa wafanyakazi, tuwape kazi." Mimi nawe ndio tuliobeba maganda ya soko la Ukunda katika mvua ya Elinino, watu wakiziba pua wakituona.

Basi nikaikumbuka jela yako. Kila kuku kabla ya kuchinjwa ulimfungia siku tatu, ukampa mahindi na maji safi tu, nasi tukakucheka: "Mwanasha na mahabusu wake!" Wewe ukaendelea kuwafungia. Nikaenda kumwuliza maalimu wa chuo cha Kurani. Kumbe ulimwendea kabla hatujaweka hata ganda la kwanza, na siku tatu zile za kumtakasa kuku aliyekula uchafu ni yeye aliyekuelekeza. Nami nilidhani ni ukaidi wako tu.

Siku ya arobaini tulipika kuku wako. Baada ya hitima maalimu alisema mbele ya wote kwamba ni halali, akawa wa kwanza kutia mkono kwenye sinia. Upande wetu wanawake, Bi Mishi aliikagua sinia kwanza. Kisha akaonja. Kisha, Mwanasha, akaomba paja la pili! Nilicheka kwenye hitima yako, unisamehe.

Kesho yake alikuja na ndoo ya maganda ya muhogo, akaimwaga shimoni bila hata salamu. Sasa mtaa mzima unamwaga hapa, na mchicha unaopenda mbolea ya shimo lako umenifika magotini. Natamani ungeuona.

Mungu akulaze pema, shoga yangu. Nakuahidi jela yako itabaki kama ulivyoiacha. Leo Bi Mishi amekuja kutaka kuku wa harusi ya bintiye, anawataka leo leo. Nimemwambia angoje siku tatu.

Wako,
Mwanamisi