Fenesi la Khitma ya Mama

Ole, 4 Mei 1958

Mdogo wangu Silima,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto. Mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ila Ole haina raha tangu ziingie siasa za vyama. Harusini kwa Siti pilau nzima imemwagwa, eti ng'ombe kachinjwa na Jaribu, na Jaribu si wa chama cha waalikwa! Hata dukani kwa Premji wenzio wa chama hawanunui.

Basi khitma ya mama Ijumaa sichinji. Nitapika fenesi bichi kama nyama: nilichemshe, nilikaange, nilitie tui zito na karafuu, na mbirimbi za kuchachusha mchuzi badala ya tungule. Hakuna cha kuchinjwa, hakuna cha kugombaniwa. Njoo na wenzio mnaovua pamoja.

Dada yako,
Mwanawema

Kisiwa Panza, 13 Mei 1958

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama. Najua umeudhika tulivyoinuka bila kula. Mchuzi ulinukia hata Kificho, mwenye dau letu, alidhani nyama. Lakini aliuliza fenesi limetoka wapi, akaambiwa shambani kwa Hamad. Hamad ni wa chama kile kingine. Ningebaki, kesho ningevua na nani? Nisamehe.

Mdogo wako,
Silima

Ole, 17 Mei 1958

Silima,

Salamu nimepokea. Mwili mzima. Nimepikia watu thelathini na wawili, kumi na tisa mmeinuka mikono mikavu, na anayesomewa ni mama yako! Nyumba hii nimeijenga kwa kupika shughuli za watu. Sijapata kurudishiwa sinia, ila na ndugu yangu.

Sasa sikiliza hesabu. Ardhi ya Hamad, mfenesi wa mama. Aliupanda kwa ruhusa ya babake Hamad, wewe hujazaliwa. Baba katangulia, tumebaki wawili. Kisheria theluthi mbili za mti ule zako, moja yangu. Hamad hana hata jani. Umesusa mali yako mwenyewe!

Na Hamad alikaa, akamsomea mama mpaka mwisho.

Mwanawema

Kisiwa Panza, 24 Mei 1958

Dada yangu,

Shikamoo. Mguu umepona. Barua yako niliwasomea wenzangu pwani, nikidhani wataona haya. Kificho akasema, "Haya, mti wa mamako. Na kuni je? Kakata nani?"

Wote wakaitikia kwa kichwa. Dada, hakuna aliyecheka! Nikaikunja barua, nikaondoka.

Dau lake nimeliacha. Ijumaa nakuja, peke yangu. Pika utakacho, sitauliza.

Mdogo wako,
Silima