Unga wa Njano

Jumatatu, 14 Julai

Tanuru limewashwa saa mbili. Mkaa ulikuwa na unyevu, umetutesa. Nimesugua vipande sita kwa msasa mpaka vikang'aa, vitatu vyangu, vitatu vya Koku. Vyangu nimevitia mkato mmoja, vyake miwili, tusije tukagombana.

Kazi yenyewe ni hii. Kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba kule Misungwi kinachemsha maji kwa kuchoma pumba za mpunga. Pumba zinasukumwa motoni na skruu ndefu ya chuma, na ncha ya skruu inashinda humo humo kwenye moto, inasuguliwa na majivu. Majivu ya pumba ni makali, yanakula chuma. Wiki chache tu ncha imekwisha. Mzee Magesa, mwenye karakana, amewaahidi ncha isiyolika.

Tena leo ametangaza mbele ya wote. Mimi na Koku kila mmoja ana mchanganyiko wake. Ambaye vipande vyake vitapungua uzito kidogo zaidi, huyo ataongoza chumba kipya cha vyuma vigumu. Mwingine atakuwa chini yake.

Miaka kumi na tisa nimo humu karakanani Igogo. Nilianza kwa kufagia mchanga wa kalibu za kumiminia chuma. Koku, binti aliyetoka chuo juzi tu, ana miezi miwili na nusu.

Siwezi kuwa chini ya yule binti. Nimeandika, imetoka.

Jumanne, 15 Julai

"Shikamoo mama." Kila asubuhi. Mama! Nina miaka arobaini na tatu. Nikaitikia marahaba huku meno yameumana.

Mzee Magesa anamwita "injinia". Mimi ni Minza tu, Minza njoo, Minza peleka. Leo saa nne amemmiminia chai kwa mkono wake. Miaka kumi na tisa sijawahi kumiminiwa hata maji.

Ningependa awe na maringo nimchukie vizuri. Watu wa kwao Bukoba tunawatania, tunawaita nshomile, wasomi wa kujisifu. Huyu hajisifu. Anafagia mwenyewe chini ya meza yake. Hiyo ndiyo inaniudhi kuliko yote.

Jumatano, 16 Julai

Niandike changu, maana hakuna mwingine atakayekiandika.

Mashine za kuchoronga miamba migodini zina meno ya tangsteni, madini magumu kuliko chuma. Yakichakaa yanatupwa kwenye vyuma chakavu. Mimi nayaokota, nayaponda, napanga punje zake ndani ya kalibu upande ule utakaosuguliwa, kisha namimina chuma juu. Chuma kinazishika punje kikipoa. Sikufundishwa na mtu. Mara ya kwanza kalibu ilipasuka ikaniunguza mguu, kovu ninalo. Nyundo za kusagia mawe tunazouza hapa zote ni za namna hiyo, na hazijarudishwa.

Mchanganyiko wa Koku ni wa unga wa kromu. Ameutoa kitabuni.

Kifaa cha kujaribia amekibuni yeye, siwezi kukataa. Mota inazungusha vipande ndani ya sanduku la majivu yaliyopashwa moto mpaka yakawa mekundu. Majivu ni yale yale ya Misungwi. Aliyetuletea ni Shija, mtoto wa mama mdogo, ndiye anayelisha moto kule kiwandani. Aliposhusha magunia akaninong'oneza, "Dada, mimi nataka ya kwako. Hawa wa chuo sijui kama wamewahi kuungua."

Nikacheka siku nzima.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeshinda! Mzunguko wa kwanza.

Mizani yetu ni ya kupimia vyuma chakavu, gramu haizijui. Kwa hiyo tunapima kwa mnunuzi wa dhahabu pale mjini, na mpelekaji ni mimi kwa kuwa ananifahamu. Pale kuna adabu yake. Hupangusi kitu. Kinachoingia dukani kinapimwa na karatasi yake na vumbi lake, ndipo karatasi inatolewa hesabuni, maana punje moja ikidondoka ni ugomvi. Nami ndivyo nilivyozoea. Vipande vikitoka motoni vikapoa, navifunga kila kimoja kwenye karatasi, kisidondoshe kitu.

"Mama Minza, leo dhahabu yako imeungua?" Huyo mwenye duka. Hanikosi.

Vya Koku vimepungua gramu tatu na kitu. Vyangu hata gramu moja haifiki. Nikarudia kupima. Ile ile.

Mzee Magesa amenipiga bega. Koku ameangalia namba, akasema, "Hongera mama." Alimaanisha. Loo, ningemzaba kofi.

Jumamosi, 19 Julai

Sijisikii vizuri.

Nimekwenda karakana peke yangu kuviandaa vipande kwa mzunguko wa pili. Nilipofungua karatasi ya changu cha kwanza nikakuta unga wa njano. Njano kama bizari. Nikachukua brashi ya waya, nikasugua. Ukatoka mwingi. Chini yake mashimo. Punje zangu hazipo, zimegeuka huo unga.

Kutu ina uzito, kila fundi anajua. Chuma kikiungua kinachukua kitu hewani, kinakuwa kizito, ndiyo maana mizani haikuonyesha kilichopotea. Nyundo zangu zinasaga mawe ya baridi, hazijawahi kukaa kwenye moto kutwa nzima. Kumbe tangsteni yangu haiwezi moto.

Nimekipeleka dukani kikiwa kimesuguliwa. Kimepungua gramu saba.

Vya Koku nimevisugua pia. Havikutoa unga. Vyeusi tu, vigumu, vinanitazama.

Sijamwambia mtu. Jumatatu nitasema.

Jumatatu, 21 Julai

Sikusema. Nilifika nikamkuta Mzee Magesa anamwonyesha Koku chumba kipya, hapa meza, hapa tanuru dogo, wanacheka. Mimi ndiye niliyekuwa mbele kwa namba, na bado anayeonyeshwa chumba ni yeye.

Basi na vikae hivyo hivyo.

Ijumaa, 25 Julai

Mzunguko wa pili umekwisha.

Nilikuwa nafunga vipande, Koku akasimama nyuma yangu. "Mama, samahani. Huwa unavisugua kabla ya kupima, au baada?"

"Kabla," nikasema.

"Sawa mama." Akaondoka. Hakuuliza tena. Nadhani kwao wamemfundisha asimbishie mtu mzima.

Nikavipima na unga wake. Kisha nikakaa kwenye ngazi za duka, nikavisugua vyote vikawa safi, ndipo nikavirudisha. Mikono ilikuwa ya njano mpaka kwenye kucha.

Jumamosi, 26 Julai

Mzee Magesa ametangaza. Ni mimi. Watu wamepiga makofi. Amenimiminia chai.

Nilidhani itakuwa tamu.

Alhamisi, 31 Julai

Muda wa majaribio wa Koku umekwisha leo. Mzee aliniita jana, akaniuliza kama mkuu wa chumba: abaki chini yangu au aende? Nikasema hatumhitaji.

Angebaki angesugua kipande siku moja, mwenyewe, kwa brashi yake. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Amepanda meli ya Bukoba. Amenishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa yote niliyomfundisha. Sikumfundisha kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Tumemimina ncha ya skruu. Imetoka vizuri sana, haina hata tundu. Kumimina najua, hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Nimejiambia huenda kule moto si mkali kama kwenye sanduku letu. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Alhamisi, 7 Agosti

Imefungwa Misungwi. Shija ameipiga busu, mjinga yule. Kanipigia simu niisikie inavyozunguka.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna habari. Nimekaa kwenye kiti cha chumba kipya. Kila simu ikiita natazama kwanza ni ya nani.

Nimemkumbuka Koku leo, si kwa wema. Nimemwonea wivu hata alivyoondoka, anatembea kama mtu asiye na kitu cha kuficha. Hakuwa nacho.

Jumapili, 17 Agosti

Shija ameungua.

Nimetoka kanisani nikakuta simu kumi na moja. Ncha imevimba, ikabanduka bonge, bonge likabana skruu. Pumba zikakwama kwenye bomba, moto ukarudi nyuma kuzifuata. Shija akafungua mlango kuzikwamua, kama anavyofanya siku zote. Moto ukamtokea.

Mkono wa kulia wote, wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Uso umepona, alikuwa amegeuka.

Wamemleta hospitali mjini. Nimesimama mlangoni pa wodi. Sikuingia.

Jumatatu, 18 Agosti

Wa kiwandani wamekuja na bonge lililobanduka. Wana hasira, nani asingekuwa nayo. Wanasema ile skruu ya binti wa chuo nusura ituulie mtu. Wao walimwona Koku tu, alikwenda kule mara mbili na daftari kuchukua vipimo, kwa hiyo kwao skruu ni ya Koku.

Nikasubiri Mzee Magesa awasahihishe. Hakuwasahihisha. Walipoondoka akaniambia, "Acha wafikiri hivyo. Yuko kwao, haitamuumiza. Karakana hii nataka isimame, Minza."

Anadhani ni bahati mbaya. Ananilinda.

Bonge limeachwa mezani kwangu. Njano tupu.

Jumanne, 19 Agosti

Sijala. Nimemimina kalibu tatu zikaharibika zote.

Hivi ndivyo nilivyotaka, jamani. Chumba changu, kiti changu, Koku hayupo, na hata kosa limekwenda kwake. Hakuna kilichobaki cha kumwonea wivu na bado ninao.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia Mzee Magesa.

Nilichukua vipande viwili vya akiba, kimoja cha kila mmoja, nikaviweka majivuni tangu jana asubuhi. Leo nikampeleka mzee dukani kwa mnunuzi wa dhahabu. Nikapima na karatasi. Changu kizito. Nikatoa brashi, nikasugua mbele yake, unga ukamwagika kwenye kaunta mpaka mwenye duka akapiga kelele. Nikapima tena.

Mzee si mjinga. Akauliza, "Ulijua lini?"

"Kabla ya mzunguko wa pili."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Tumerudi kwa miguu mpaka Igogo, yeye mbele mimi nyuma.

Jioni kachukua ufunguo wa chumba mezani kwangu. Hakunifukuza. Amesema wateja wa Misungwi atawaeleza yeye, Koku nimpigie mimi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimempigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma yote bila kupumua. Kwamba nilisema kabla na ilikuwa baada. Kwamba mchanganyiko wake ndio ulioshinda. Kwamba mimi ndiye niliyesema aende. Kuhusu Shija.

Nikaikunja ile karatasi.

"Mama," akasema, "mimi nilikuuliza."

Basi. Afadhali angenitukana.

Mzee amemwomba arudi, amekubali. Anakuja wiki ijayo na meli, chumba ni chake. Ncha mpya itakuwa ya kromu, na nitaimimina mimi kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza. Nitaimimina vizuri.

Wivu haujaisha. Niliposikia amekubali ulinichoma pale pale, kama siku ya kwanza. Sasa nitakaa nao.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda hospitali baada ya misa. Leo nimeingia.

Mama mdogo alikuwa kitini. Shija kafungwa bandeji mikono yote miwili. Aliponiona akafurahi, hilo ndilo lililonivunja. "Dada umekuja. Wabeja, asante." Akaniambia daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike. Kisha akasema, "Wangeweka ya kwako nisingekuwa hapa."

Nikamwambia ile ilikuwa ya kwangu. Nikamwambia na lile nililolijua kabla haijafungwa. Sikulia, sikutaka anihurumie.

Mama mdogo akashika mdomo. Shija akageukia ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anasikiliza redio kwa sauti ndogo.

Uji ulikuwa kwenye kikombe, unapoa. Mama mdogo hakunyanyuka. Nikachukua kijiko, nikakipeleka mdomoni kwa Shija. Cha kwanza akakikataa. Nikangoja, nikapeleka tena. Akanywa. Hakunitazama.

Tumefika nusu ya kikombe.