Kitambaa cha Kilima cha Mugera

Kijiji cha Nyarusange,
S.L.P. Kasulu,
Kigoma.
9 Septemba, 1978.

Mpendwa binamu yangu Felisiani,

Mwakeye huko Tanga? Najua umecheka, maana umekaa na watu wa pwani mpaka salamu ya kwenu imeanza kuhitaji mkalimani. Haya, nakusalimu kwa lugha yao: hujambo wewe, na mkonge wenu haujambo? Kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia? Mama yako, yaani shangazi yangu, kila akiniona ananiuliza kama bado unakula ugali wa muhogo au wali wa nazi umeshakuharibu.

Sisi huku ni wazima, kwa maana ya wale waliobaki. Epifania mke wangu hajambo, ila amekonda na amekuwa mkali kuliko unavyomkumbuka. Maharage tulivuna kiasi. Migomba ya mama yako naipalilia mwenyewe, na ukirudi utanilipa kwa kazi, si kwa maneno.

Usinune kwamba nimekaa kimya muda mrefu. Barua zilikuwa hazipiti. Habari za kipindupindu umezisikia redioni, lakini redio hutaja mikoa, haitaji majina ya watu. Kwetu kiliingia baada ya Pasaka. Soko likafungwa, pombe ya pamoja ikapigwa marufuku, kushikana mikono kukawa mwiko. Unajua salamu zetu zilivyo ndefu. Basi watu walisimama huku na huku wakipiga makofi hewani, kama wanafukuza ndege shambani.

Misiba ndiyo ilikuwa mibaya zaidi. Hakuna kulala matanga, hakuna kuosha maiti. Watu wa Bwana Afya walikuja wamevaa makoti meupe, wakamviringisha marehemu kwenye shuka, wakaondoka naye. Mtu unabaki na uji ulioupika kwa ajili ya wafiwa, huna wa kumpa. Kwenye daraja la mto Ruhita waliweka gogo na pipa la dawa, na mgambo wa kulinda. Hakuna kutoka kwenda Kasulu, hakuna kuingia.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Linahusu zahanati yetu, na wewe ni mwashi, kwa hiyo soma polepole.

Dada yako Immakulata alipofia njiani na mimba yake, kwenye ingobyi, kabla wachukuzi hawajauona mji wa Kasulu kwa macho, wewe ulikwisha ondoka. Mimi nilikuwa nimeshika mti wa mbele wa ile machela. Tangu siku ile kijiji kiliapa kwamba hakuna mwanamke mwingine atakayebebwa begani kwenda kuzaa. Mwaka huu ndipo tulipoanza kujenga zahanati yenye chumba cha wazazi, kwa nguvu zetu wenyewe, mimi nikiwa kwenye kamati ya ujenzi. Matofali tulichoma sisi. Wilaya ilitupa saruji, bati na mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa Bwana Isihaka, mtu wa Pangani aliyeoa Kasulu. Ungempenda. Alikuwa anagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kisha anabandika sikio kwenye tofali na kufumba macho, kama mkunga anayemsikiliza mtoto tumboni. Akiridhika, anatabasamu. Asiporidhika, anasema, "Bomoeni, ndugu zangu," kwa upole kabisa, na tunabomoa. Msingi na nusu ya chini ya kuta alivipitisha yeye kwa mkono wake.

Daraja lilipofungwa tulidhani kazi imekufa. Lakini Bwana Isihaka alikuja mpaka kwenye gogo, akasimama upande wake na sisi upande wetu, akatupa shauri. Ng'ambo ya bonde, mkabala na kiwanja chetu, kuna kilima cha Mugera, ambako barabara ya Kasulu inapinda. Alisema atakuwa anapanda pale kila siku iliyokuwa ya soko akiwa na darubini. Sisi tuning'inize timazi ukutani ionyeshe kama uko wima, tusogee pembeni, yeye aangalie. Akiinua kitambaa cheupe, tuendelee. Akiinua chekundu, tusimame, na asiyesimama shauri yake.

Na kweli alifanya hivyo. Kwa mbali alionekana kama kijiti, uso huuoni, lakini tulimjua kwa mkono. Alikuwa anainua kitambaa, anakishusha kupumzika, anakiinua tena. Wanawake wakawa wanapiga vigelegele hata kabla sisi mafundi hatujakiona.

Kisha saruji ikatuishia. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya daraja na hairuhusiwi kuvuka. Mwenyekiti wetu Evaristi akasema tujengee udongo wa kichuguu, mbona nyumba za baba zetu zilisimama. Mimi nikasema tusimzunguke Bwana Isihaka, tumwulize. Siku ya soko tukapanga mifuko mitupu ya saruji mstari mmoja, tukarundika udongo wa kichuguu kando yake, tukajenga kipande kidogo, tukasogea. Tukatazama kilimani. Kitambaa kilikuwa juu, cheupe pe. Binamu, nilifurahi mpaka nikamkumbatia Evaristi, na kukumbatiana kulikuwa kumekatazwa.

Tangu hapo kazi ilikimbia. Na kitambaa nacho hakikututupa mkono. Tulianza kukiona hata siku zisizo za soko, asubuhi tukifika kipo, jioni tukiondoka kipo. Moto wa nyika ulipoanza kuwaka na bonde likajaa moshi, tulikuwa hatuoni kilima chenyewe, tunaona ule weupe tu umeelea. Tukasema Bwana Isihaka anatupenda. Tukafika kwenye madirisha, tukapandisha juu ya milango, tukapaua, tukapiga bati. Hakuna hata siku moja tuliyoambiwa simama.

Epifania ndiye aliyeniharibia furaha. Aliniletea viazi mchana kiwanjani, akakaa akitazama ng'ambo muda mrefu. Akasema, "Yemwe, baba Esteri, huyo mtu hachoki mkono?" Nikamwambia aache maneno. Lakini tangu aseme hivyo nikawa nafanya kazi nimeipa Mugera mgongo.

Gogo liliondolewa darajani mwishoni mwa Julai. Gari la kwanza kuvuka lilikuwa la Hamis, dereva wa wilaya, aliyekuwa akimwendesha Bwana Isihaka siku zote. Tulikuwa tumempikia mkaguzi wetu kuku. Hamis akashuka peke yake. Akaitazama nyumba yetu na bati lake jipya, akauliza nani aliyetupa ruhusa ya kupandisha kuta. Tukamwonyesha kilima.

Felisiani, yule mtu alikaa chini pale pale mchangani. Bwana Isihaka alifariki Mei, nyasi zikiwa bado mbichi. Alishikwa na ugonjwa baada ya safari zake za mwanzo mwanzo tu za kupanda kilima, na walimlaza kwenye kambi ya wagonjwa waliyoiweka nyuma ya Mugera, ambayo sisi hatukuijua kwa kuwa hatukuruhusiwa kuvuka. Walimzika juu pale pale. Siti, mjane wake, hakuruhusiwa hata kumwona uso.

Nikamwuliza Hamis habari za kile kitambaa. Akasema makaburi ya kambi yako kileleni, na wazikaji walisimika mti kando yake wa kuanikia makoti na mashuka yao baada ya kuyaloweka kwenye dawa. Kila siku yalikuwa yanafuliwa. Kila siku alikuwepo wa kuzikwa.

Basi fikiria. Tulipouliza habari za udongo wa kichuguu, tuliyemwuliza alikuwa chini ya ardhi, na nguo ya wazikaji ndiyo iliyotujibu. Vigelegele vile vyote wanawake walikuwa wanaipigia sanda. Mimi niliogopa, sikufichi, na mpaka leo naogopa.

Tuliomba mkaguzi mwingine. Tukaambiwa tuvumilie, maana ugonjwa umehamia Kibondo, na watu na magari yote yako huko. Watu wa pwani husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshaujenga, sasa kila asubuhi tunatafuta ufa. Hatujauona. Nimegonga kwa nyundo na kubandika sikio kama alivyokuwa akifanya marehemu, lakini sikio langu ni la mkulima, nasikia tofali tu. Nusu ya juu haijawahi kunyeshewa na mvua, na mvua zinakuja.

Muuguzi alipoletwa, kijiji kiliamua kufungua. Evaristi alisema, "Nyumba imesimama, mnaogopa nguo?" Mimi nilinyamaza, kwa sababu Esteri binti yangu alikuwa na mimba pevu, na kila nilipomtazama nilimwona Immakulata juu ya ile miti miwili.

Sasa nikupe habari njema. Esteri amejifungua juzi, salama, katika chumba kile kile. Mtoto wa kike. Tumemwita Immakulata. Mama yako alipomshika alilia na kucheka pamoja, akasema masikio ni ya kwenu, makubwa kupita kichwa. Ningetamani barua iishie hapa.

Lakini jana alasiri nilikuwa nampelekea Esteri uji. Niko mlangoni pa chumba cha wazazi, nikageuka tu, sijui kwa nini. Ule mti wa kuanikia ulikwisha kung'olewa na kuchomwa moto pamoja na makoti, nilikwenda mwenyewe nikaona majivu yake. Kilimani palikuwa na mtu, mdogo kama kijiti. Ameinua kitambaa chekundu.

Akakishusha kupumzika. Akakiinua tena.

Bakuli la uji liliniponyoka. Nilimwita Epifania, naye akaona, akajishika kichwa. Evaristi alipofika hapakuwa na kitu. Akasema ni kanga ya mwanamke aliyekwenda kuchanja kuni, alikuwa anajifuta jasho. Inawezekana, sikatai. Lakini nguo iliyoanikwa ilipotuambia endeleeni tuliiamini miezi mitatu bila kuuliza. Leo nguo inatuambia simameni, ndiyo tuanze kuwa na akili?

Nilimtoa Esteri na mtoto wake wakati ule ule, muuguzi akinifokea kana kwamba nimelewa. Wako nyumbani kwangu, wamelala.

Shida ni kwamba alikuwamo mwingine. Jirani yetu Nsengimana, yule aliyekuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na watu wake wachache waliosalia, mkewe alikuwa amelazwa humo akingojea uchungu, na muuguzi anasema mtoto amekaa vibaya. Nyumbani haiwezekani. Ama chumba kile, ama hospitali ya Kasulu, na gari hakuna, yote yako Kibondo. Nilimweleza Nsengimana nilichokiona na nilichokisikia kwa Hamis, sikuongeza wala sikupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia kwenye stoo ya kijiji, akaitoa ile ingobyi ya zamani, akaipangusa vumbi.

Wameondoka leo asubuhi. Nilitaka kushika mti wa mbele, Nsengimana akakataa, akasema kazi yangu ni kuwazuia watu wasiingie kwenye nyumba ile. Nimefunga mlango kwa kamba. Nimekaa mbele yake sasa hivi, karatasi hii iko gotini. Hapa nilipo naiona barabara inavyopinda Mugera. Niliwaona wakipita pale juu na ingobyi yao, wadogo kama sisimizi na mzigo, na kilele kizima hakuna mtu. Niliwatazama mpaka wakapotelea nyuma ya kilima, nao ukuta mgongoni mwangu umesimama wima kama siku tuliyoumaliza.

Akifia njiani, binamu, nitakuwa nimemuua kwa kanga ya mchanja kuni. Nalijua hilo. Nami nilimsindikiza dada yako kwenye barabara ile ile, nazijua kona zake zote. Mpaka ninapoandika mstari huu hakuna habari.

Ndiyo maana nakuomba likizo yako ya mwaka huu uile huku, usingoje Krismasi. Njoo kabla ya mvua, uje na nyundo yako na sikio lako la mwashi. Ukisema ukuta ni mzima, nitafungua kamba hii na kuomba radhi kijiji kizima. Ukisema tubomoe, nitakuwa wa kwanza kupanda juu. Ninachotaka ni neno la mtu aliye hai.

Nisalimie mkeo Tunu na wanao, na Kipriani kama bado mnafanya kazi pamoja. Mama yako anakusalimu na kukutumia baraka zake zote, na anasema usimletee kanga nyekundu, nyingine yoyote atavaa. Esteri anakusalimu, na huyu mwenye masikio yenu anakusalimu kwa kulia. Mungu akulinde barabarani na akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe.

Na ukifika kwenye daraja la Ruhita, usivuke haraka. Tazama kwanza kilimani.

Ni mimi binamu yako ninayekupenda na kukungoja,
Bazilio