Mchanga wa Mnara wa Koplo

Jumanne, 5 Agosti

Kokoto tangu saa moja asubuhi. Nyundo imekula glavu, sasa inakula kidole. Mchana muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, baridi, bila chumvi.

Kilonzo, fundi wetu mkuu, alikuja na habari. Alhamisi kuna baraza la kuchagua ukumbusho wa Koplo Musembi, yule polisi aliyechukuliwa na mto mwezi wa nne. Kazi ya kujenga atapewa yeye. "Kyuso, wewe utachonga mawe." Hapa wananiita Kyuso kwa sababu ndiko nilikotoka.

Nikasema sawa. Nikarudi kwenye kokoto.

Koplo alitoa watu wawili kwenye maji yale. Mmoja ni mimi. Wanaojua ni Kilonzo na wenzangu watatu wa siku ile: Mwendwa aliyetolewa kwanza, na wawili waliokimbia. Wote watatu walihama wiki ileile.

Alhamisi, 7 Agosti

Baraza. Nilikaa nyuma na watu wa mjengo.

Kila mtu na lake. Vijana wanataka kombe la mpira lenye jina lake. Pasta anataka lango la kanisa. Mwingine akataka sanamu ya koplo na bunduki, pale sokoni. Mzee mmoja akasema ng'ombe wake wataogopa. Watu wakacheka.

Kisha mama wa duka la mbolea akasimama. "Ukumbusho wa nini? Tuseme ukweli. Siku hiyo hakuwa kazini, hakuwa na sare. Alikuwa mtoni kufanya nini, kama si kungoja chake kwa malori ya mchanga?"

Hapo hakuna aliyecheka. Wengine waliitikia kwa kichwa.

Mjane alikuwepo. Ametoka Makueni, amepanda magari mawili. Alisema tu, "Aliniambia anaenda kuangalia mbuzi kule Ikutha." Akakaa chini.

Chifu akauliza nani aliona. Mimi niliangalia viatu vyangu. Vina tundu upande wa kulia. Nililiangalia lile tundu mpaka akaacha kuuliza.

Wakakata shauri hivi: jiwe dogo nyuma ya ofisi ya chifu. Jina tu. Lisiseme alikufaje. Watatia sahihi Alhamisi ijayo. Mjane aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chakula kilichobaki.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike mara moja, niache kuzunguka.

Tulikuwa wanne tukichimba mchanga kando ya drifti, ile njia ya saruji inayokatiza mto. Imekatazwa kuchimba hapo. Lakini mchanga wa pale ni mkubwa na safi, fundi anaupenda. Tulikuwa tumeingia mpaka chini ya saruji yenyewe, kama panya chini ya ghala. Kilonzo ndiye alitutuma. Lakini hakunishika mkono nikachimba. Nilichimba mwenyewe.

Kwetu jua lilikuwa kali. Mvua ilinyesha mbali huko juu. Mto ukaja ghafla, mwekundu, na magogo. Wawili walikuwa ukingoni wakakimbia. Mimi na Mwendwa tulikuwa shimoni.

Koplo alikuwa anapita na pikipiki, na shati la kawaida. Alisimama. Alifungua mpira wa kufungia mizigo, akalala kifudifudi juu ya saruji, akatutupia. Akamvuta Mwendwa. Akanivuta mimi. Aliponisukuma mbele, ile saruji tuliyoichimba chini ikavunjika. Yeye alikuwa juu yake.

Sisi ndio tuliivunja. Si maji.

Nilikimbia. Walimpata siku ya pili, mbali. Kilonzo akatuambia tufunge mdomo, hii ni jela. Nikafunga. Miezi minne nimefunga, na watu wakaujaza ule ukimya na hongo.

Jumapili, 10 Agosti

Syombua, mke wangu, alipiga simu kutoka nyumbani. Ndengu za mwaka huu ni kidogo, watoto wazima. Nilikuwa nimemwambia nitajenga mnara wa polisi shujaa. Leo ametangaza kanisani. Wameniombea.

Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumanne, 12 Agosti

Sikutegemea hili hata kwa Kilonzo.

Leo amenipa koleo na mkokoteni wa punda. Niende drifti, nilete mchanga wa msingi wa jiwe la koplo. Nikamuuliza, pale pale? Akasema, "Kwani mchanga una macho? Ule ndio mzuri. Tena sasa polisi hawapiti."

Alikuwa anapiga mluzi.

Nilienda. Sitadanganya hapa, nilienda. Nikashuka mpaka lile shimo. Nondo za saruji zimetoka nje kama mbavu. Nikachota koleo moja, nikamwaga kwenye mkokoteni. Ya pili sikuweza. Nikamwaga hata ile ya kwanza, nikamrudisha punda na mkokoteni mtupu.

Kilonzo alinitukana mbele ya watu. "Umekuwa pasta?" Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, niseme kweli. Uoga una tabia ya kucheka.

Jumatano, 13 Agosti

Sijala.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimesema.

Chifu alikuwa ameshika kalamu. Nilisimama. Nikasema sikwenda shule sana, kwa hiyo nitasema vibaya. Nikasema Koplo Musembi hakungoja lori lolote. Hapakuwa na lori. Palikuwa na sisi. Nikaeleza shimo, mpira wa mizigo, saruji. Na jinsi nilivyotumwa juzi kuchota mchanga wa jiwe lake.

Kilonzo akapiga kelele kwamba nimelewa. Mama wa duka la mbolea ndiye alimnyamazisha. "Kaa chini, fundi. Tunajua mchanga wako unatoka wapi." Kisha akavuta leso usoni.

Mjane alikuja mpaka niliposimama. Ni mfupi. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Wewe ndiye aliyevutwa mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini?"

"Alisema, panda, panda, usiangalie nyuma."

"Na alipoanguka, aliita?"

Hapo ningeweza kumpa kitu kizuri. Kwamba aliita jina lake, au la watoto. Mdomo ulikuwa tayari.

"Sijui, mama. Nilikuwa nakimbia."

Mjane akamgeukia chifu. Akasema hataki jiwe nyuma ya ofisi. Hataki sanamu. Lile shimo lijazwe, drifti itengenezwe, na nguzo zisimame pande zote mbili, mtu aone maji yamefika wapi kabla ya kuingia. Jina la mume wake likae hapo, na waandike alichofanya.

Hakuna aliyebisha. Akina mama wakasema watatoa mwethya, kazi ya pamoja, kila nyumba mtu mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeandikisha maelezo kituoni. Askari kijana aliandika bila kuniangalia. Nisitoke hapa, wanaweza kuniita. Kilonzo naye ameitwa. Kazi yangu kwake imeisha.

Nimempigia Syombua, nikamweleza yote. Akasema, "Na mimi nilisimama kanisani." Basi. Akakata simu.

Jumanne, 2 Septemba

Mwethya. Nabeba mawe ya kujaza shimo. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyeniita. Wakati wa uji mama mmoja huniwekea kikombe juu ya jiwe, anaondoka. Mgongo unauma. Afadhali.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumemaliza. Nguzo nane, nyeupe kwa nyekundu. Kwenye ya kwanza kuna kibao: Koplo Musembi alitoa watu wawili majini hapa, akachukuliwa yeye. Maneno ni ya mjane.

Wengine walienda. Nilibaki kuosha koleo kwenye kidimbwi.

Mzee mmoja nisiyemjua alifika na ng'ombe watatu wa mnada. Akasimama mbele ya kibao. Akaniambia macho yake ni mabovu, nimsomee. Nikamsomea.

"Na hao wawili ni nani?"

"Mmoja ni mimi, mzee."

Aliniangalia toka miguuni mpaka kichwani, polepole, kama anavyoangalia mnyama sokoni.

"Haya," akasema. Akawapitisha ng'ombe, mmoja mmoja, katikati ya nguzo.