Mifupa ya Shinji na Maji ya Chumvi

Shinyanga, Jumatano, Oktoba 1981

Jua kali tangu asubuhi. Upepo unazoa vumbi la barabara ya stesheni na kulileta mpaka ndani ya vikombe. Mvua hakuna, wala dalili yake.

Leo baba yake Shinji ameondoka na treni ya Dar es Salaam. Nimerudi nyumbani saa tisa, sijala, na mama hajaniuliza kwa nini. Nimekaa na daftari hili ambalo sijaligusa tangu Pasaka, kwa sababu nisipoandika leo nitaanza kujidanganya, na najijua: nikishajidanganya mara moja huwa sirudi nyuma.

Shinji alikuwa fundi wa visima kutoka Japani. Alikuja kwetu Idara ya Maji mwaka juzi, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye miwani. Mimi nilipewa kazi ya kuwa dereva wake na msaidizi wake kwenye mtambo wa kuchimbia. Akina mama wa Kishapu walishindwa jina lake wakamwita Shija, kisha wakawa wanamtania kwamba Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, basi mapacha waliomtangulia wako wapi? Naye alikuwa akijibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wako Japani, wanalala." Wakicheka, naye anacheka.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Malaria ilipanda kichwani.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa baba yake, jana.

Homa ilimshika Jumamosi, tukiwa porini huko mbele ya Mhunze, siku ya sita ya kuchimba shimo moja. Tulikuwa na dizeli ya kutosha jambo moja tu: kumaliza shimo, au kurudi mjini. Shinji alisema, "Kaka Masanja, tumalize. Hii ni uchovu." Meno yalikuwa yanagongana. Mimi nina miaka thelathini na minane, malaria naijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nilimtazama na nikajua.

Nikawasha mtambo.

Watu wa ofisini wanasema nilikubali kwa sababu nilimheshimu, na kwa sababu wale kina mama walikuwa wametusubiri na ndoo zao. Si kweli. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimelichoka lile pori. Kama tungeondoka bila kumaliza, ningerudishwa kule wiki inayofuata, na mimi sikutaka kurudi. Ni hivyo tu.

Jumapili asubuhi maji yalitoka. Kina mama walipiga vigelegele, "Minzi! Minzi!", yaani maji kwa Kisukuma, wakakimbilia na vibuyu. Shinji akakinga kwa kiganja, akaonja. Akatema. Akasema, "Chumvi," akakaa chini kwenye udongo ule wenye tope, na hakuinuka tena kwa miguu yake. Tulipata lori la pamba Jumatatu. Alilala juu ya marobota mpaka hospitali, na mimi nimeshika kichwa chake. Hakunitambua.

Mtu amekufa kwa ajili ya maji ambayo hata ng'ombe wanayanusa kwanza.

Baba yake alifika Jumapili hii, kupitia Mwanza, pamoja na Bi Michiko wa ofisi yao ya Dar, anayejua Kiswahili vizuri. Mzee mfupi, suti nyeusi katika joto hili, mikono miwili imeshika chungu cheupe kilichofungwa kwa kitambaa. Nilimpa shikamoo kwa mazoea. Akainama. Nikainama. Hatukujua nani aanze kuinuka.

Alitaka mwanawe achomwe moto, kama desturi yao. Pale karakana wenzangu walishtuka. Mmoja alisema mtu hachomwi kama mkaa. Aliyetuokoa ni Mzee Ramji mwenye duka la vipuri, kwa maana Wahindu wana mahali pao pa kuchomea nje ya mji. Alikuja mwenyewe na kuni kwenye pikapu. Aliniambia, "Masanja, mwambie huyu baba mahali petu ni pake. Shinji alinunua kwangu boliti miaka miwili, hakuwahi kunidai chenji kwa ukali." Halafu akafuta macho kwa kona ya shati.

Mwili ulichomwa Jumatatu mchana. Jana asubuhi tulikwenda kuokota mifupa.

Sikujua kwamba wao huokota. Mzee aliniomba nitengeneze vijiti vya kulia vya aina yao, jozi mbili, na katika kila jozi kijiti kimoja kiwe cha mwanzi na kingine cha mti mwingine, visifanane. Nilimuuliza Bi Michiko sababu. Akasema wazee ndio wanajua, yeye anajua tu kwamba siku hiyo kila kitu lazima kiende kinyume na siku za kawaida. Nilivichonga karakana, nikavilainisha kwa msasa. Nilidhani jozi ya pili ni ya Bi Michiko.

Ilikuwa yangu.

Mfupa mmoja hushikwa na watu wawili, vijiti vyake na vijiti vyangu kwa pamoja, mpaka ndani ya chungu. Ndipo nikakumbuka mwaka jana, tulipokuwa tunakula kambini, Shinji amenifundisha vijiti nami najidai nimeweza. Nikanyoosha vyangu kupokea nyama iliyokuwa kwenye vyake. Aliiachia ikaanguka mchangani. Akasema, "Hapana, kaka. Hivyo ni kwa mifupa." Nikadhani ananionya kuhusu mifupa ya kuku.

Tulianza miguuni. Mzee alieleza kwamba huanzwa miguuni na kumalizwa kichwani, ili mtu asikae kichwa chini ndani ya chungu. Wa mwisho kabisa ulikuwa mfupa mdogo wa shingo. Alisema wanauita Buddha wa kooni, maana umekaa kama mtu aliyekunja miguu akisali. Niliutazama. Kweli, ulikuwa umekaa hivyo.

Kisha, kupitia kwa Bi Michiko, akaniuliza, "Kisima chake cha mwisho kilitoa maji?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ni matamu?"

"Matamu sana, mzee."

Akafumba macho. Akasema angependa kuyabeba kidogo, akayaweke mbele ya picha ya Shinji nyumbani, kwenye kile kisanduku chao cha kuwaheshimu marehemu. Nikasema nitayaleta. Gari halina dizeli na Mhunze si hapa. Nilikwenda nyuma ya nyumba ya Mzee Ramji, nikafungua bomba, nikajaza chupa ya soda na kuifunga kizibo. Nilikaa muda wa saa tatu chini ya kivuli cha karakana ili nionekane nimesafiri.

Saa kumi nikampelekea pale nyumba ya wageni. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kando ya chungu. Halafu akaanza kuzungumza polepole, na Bi Michiko akawa anatafsiri huku akitazama sakafu.

Alisema alikuwa na kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka mitano. Wakati wa vita serikali ilimchukua kwa jina la Mfalme wao, ikampeleka visiwa vya kusini. Mwaka wa mwisho wa vita akaja ofisa na sanduku dogo limefungwa kitambaa cheupe. Mama yao akalipokea kwa heshima zote, akalizika. Lakini kabla ya kulizika, yeye aliyekuwa mtoto alilitikisa. Likagonga. Akalifungua kwa siri. Ndani mlikuwa na jiwe. Hakumwambia mama yake mpaka mama alipokufa. Kila mwaka mama alilipikia jiwe lile wali na kulisalimia kwa jina la mwanawe.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," alisema. "Nilitaka kuokota kwa mikono yangu, nijue ni nani."

Niliangalia ile chupa.

Nilisema, "Mzee, haya maji ni ya bomba la mjini."

Bi Michiko hakutafsiri. Akaniangalia. Nikamwambia, "Tafsiri." Nikamwambia yote: chumvi, dizeli, Jumamosi, pori nililolichoka. Alitafsiri kila neno.

Mzee aliinuka, akaibeba chupa mpaka dirishani, akaifungua, akaimwaga nje taratibu mpaka tone la mwisho. Akaipangusa kwa kitambaa. Akaifunga kizibo ikiwa tupu na kuiweka ndani ya mkoba wake.

Sijui kwa nini aliichukua. Nimewaza tangu jana.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama habari ya lile jiwe. Mama alikuwa anachambua mchicha. Kaka yake, mjomba wangu ambaye sikumwona, alichukuliwa na Waingereza kwenda Burma kupigana na hao hao Wajapani, akapotelea huko. Kwa sababu hiyo Shinji hakuwahi kukanyaga humu ndani, miaka miwili yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na majani.

"Wao walipewa jiwe," alisema. "Sisi hata jiwe hatukupewa."

Akainuka akaenda jikoni.

Leo stesheni palikuwa na watu wengi, magunia ya mchele ya Kahama, kuku, watoto wanalia. Mzee alikipakata kile chungu kama mtoto mchanga. Mzee Ramji alimpa mkono, akamfungia chapati za njiani. Mimi nilisimama nyuma kidogo. Treni ilipopiga honi mzee aliteremka tena ngazi moja, akanitafuta kwa macho, akainama sana, akasema maneno machache.

Nilimuuliza Bi Michiko kama amenisamehe.

Alifikiri. Akasema, "Hakusema hivyo, Bwana Masanja. Amesema neno tunalomwambia mtu aliyefanya kazi ngumu. Kwa Kiswahili nadhani ni pole na kazi."

Pole na kazi. Hapa kwetu hata mpita njia humwambia mtu asiyemjua mwenye jembe begani. Nimetembea kutoka stesheni mpaka nyumbani na watu watatu wameniambia hivyo hivyo, na kila mmoja nimemjibu "asante" kama ninavyojibu siku zote.

Kazi gani?

Mkuu wa Idara ameniambia lile shimo la Mhunze litafungwa kwa zege, na mimi ndiye nitakayekwenda kulifunga, maana ndiye ninayejua lilipo. Dizeli ya kazi hiyo imepatikana. Lita zote, bila kuomba.

Kesho saa moja na nusu natakiwa karakana. Nitakwenda. Sina pengine pa kwenda.